Jani la Muhogo kwenye Dirisha la Mama Délice

Kutoka chumba cha Clovis hadi kona ya Kimanga ambako mafundi hungoja kazi, njia fupi ni ile ya sokoni. Yeye alipita ya nyuma, yenye matope, kwa ajili ya dirisha moja. Ndani yake alikaa Mama Délice, mjane mshonaji, kitambaa cha manjano kichwani, ameinamia cherehani. Clovis hakuwahi kusimama. Alipunguza mwendo, akatupa jicho kama mtu anayechungulia mawingu, akapita na ndoo yake. Hilo moja lilimshibisha hadi jioni.

Alikuwa mtu wa kijiji cha Runingu. Shule aliishia la sita, na mke wake alifariki zamani kabla hawajapata mtoto. Rangi alijifunza kwa kuwabebea wenzake ngazi, lakini kilichompa jina ni kutia vioo ukungu. Anazimua rangi nyeupe ya mafuta, anachovya kipande cha godoro kuukuu, kisha anagongagonga kioo upande wa ndani mpaka mwanga uingie lakini jicho lisipite. Kabla ya kupaka, anabandika jani bichi la muhogo kwa sabuni. Rangi ikianza kushika analibandua, na pale hubaki umbo lake, kioo kitupu, vidole vyote vimekunjuka kama mkono. Ndiyo maana walimwita fundi wa sombe, na yeye hakuchukia. Sombe, majani ya muhogo, si mboga ya aibu.

Siku moja Mama Délice mwenyewe akamsimamisha njiani.

"Fundi, unitilie ukungu hili dirisha. Tangu wainue barabara, kila muntu anayepita anaona mpaka mboga iliyo mu sahani yangu. Na nikifunga rido, ninakosa mwanga wa kushona."

Moyo wa Clovis ulishuka hadi kwenye kandambili. Kila anayepita! Nani alipita pale kila siku ya Mungu kama si yeye? Ameniona, aliwaza, na sasa ananifungia kwa adabu, tena kwa mkono wangu mwenyewe.

"Nitakuja kesho, mama," alijibu.

Alikuja. Wakati wa kuzimua rangi, wazo baya lilimjia: akiifanya nyepesi, kivuli cha mjane kitaonekana bado kwa nje. Aliitazama ndoo kitambo, kisha akaongeza rangi mpaka ikawa nzito inavyopasa. Jani hakubandika kabisa. Mtu aliyeomba kufichwa hatobolewi tundu ukutani.

Alikuwa amekaribia kumaliza wakati jirani, Noella, alipoingia kuchukua gauni lake.

"Fundi, leo jani iko wapi? Ama sombe yote umeila?"

Mama Délice akainua macho. "Kweli. Nyumba za wengine unatia majani, yangu unaacha hivi hivi?"

"Ulisema hutaki watu waone ndani, mama."

"Wao wasione ndani. Lakini miye nione nje." Akanyoosha kidole kutoka pale alipokaa, mpaka kikagusa kioo usawa wa macho yake. "Hapa."

"Unataka kuona nani, weye?" Noella aliuliza.

"Kuna muntu mumoja anapitaka asubuhi na ndoo. Hasalimiaki. Ninataka nijue siku atasalimia."

Noella aliitazama ndoo iliyokuwa sakafuni, akaanza kucheka na kufunika mdomo kwa gauni. Clovis aliendelea kugonga kioo mahali palipokwisha kuwa peupe. Kisha akatoka, akachuma jani kwenye shamba la nyuma, akarudi, akapangusa rangi pale alipoonyeshwa, akalibandika, akapaka upya na kulibandua.

Kesho yake alipita sokoni. Na siku iliyofuata pia. Aliona haya, na njia ile fupi ilimchosha kuliko safari. Aliwaza shingo ile iliyoinama, kitambaa kile cha manjano, na kwamba vyote amevifunika kwa rangi kwa mkono wake. Salamu alikuwa nayo, aliirudia mpaka ikachakaa mdomoni.

Asubuhi moja miguu yenyewe ikakata kona ya matope. Dirisha lilikuwa jeupe tupu, hakuna cha kuona. Jani lilikuwa jeusi, kwa sababu kwa mtu aliye nje mwangani chumba kilionekana kiza. Lakini cherehani ilisikika. Clovis aliweka ndoo chini.

"Mama Délice," alisema, kwa sauti ndogo hata kuku wa pale hawakugeuka, "umeamka salama?"

Cherehani ikanyamaza. Alisimama akitazama jani, mikono hajui aiweke wapi. Kidole kimoja cha jani kikawa manjano, kisha cha pili, mpaka lote likajaa kitambaa kile.