Nilivyoenda Kuposa Butiama na Vyuma vya Meno

Shule niliishia darasa la nne, lakini hapa Bunda ukiuliza mwenye malori ya pamba, hata mbuzi watakuelekeza kwangu. Kilichonisumbua ni kimoja tu: meno yangu ya juu yalikuwa yanafika mahali kabla yangu. Nilipompata mjane mmoja wa Butiama, mshonaji, mwanamke wa haja, nikasema siendi kuposa na meno haya. Kwao neno la mwisho lilikuwa la shangazi yake, na yule mama alishawatimua wachumba kabla yangu. Mimi nilimtaka huyo mwanamke kuliko nilivyowahi kutaka lori.

Nikaenda Musoma kwa daktari wa meno, dada mmoja mpole.

“Mzee, kuna vyuma vya kawaida, vinaonekana sana. Kuna vyeupe, vinafanana na meno. Na kuna vya plastiki, hata ukicheka mtu hajui.”

“Hajui? Sasa daktari, nilipie kitu kisichoonekana? Mtu akinunua lori analificha chini ya turubai?”

Akanieleza kwamba vyuma vitasukuma midomo mbele kwanza, sura ibadilike kidogo, halafu meno yarudi taratibu, mwaka mzima na zaidi.

“Posa ni kesho,” nikamwambia.

“Basi kesho utakuwa na meno yaleyale, na vyuma juu yake.”

“Weka. Na hivyo vimpira vya kushikia waya viwe vya bluu. Suti yangu ni ya bluu.”

Kesho yake tukafika Butiama, mimi na kaka yangu, msemaji wangu. Mdomo ulikuwa umejitokeza kama wa mtu aliyenyimwa chakula. Shangazi akaniangalia weee, akamgeukia kaka.

“Mbona mwenzako kanuna?”

“Hajanuna mama, anatabasamu.”

Nikakenua zaidi, jua likapiga vyuma. Shangazi akarudi nyuma.

“Yesu wangu! Mmemfunga waya mdomoni? Kwani anaumaga watu?”

“Ni urembo, mama,” nikasema. “Wa gharama.”

“Urembo! Boma langu la ng’ombe lina waya kama huo, na hakuna anayelisifia.”

Wakaleta chakula: ugali wa mtama na nyama ya mbuzi, mbuzi mzee, kama amekufa kwa ubishi. Kwao mchumba asipokula alichopikiwa, amewakataa, na posa imeishia hapo. Nikatia pande mdomoni. Maumivu yakanipanda hadi kwenye masikio! Nikalizungusha kulia, nikalizungusha kushoto. Uzi mmoja wa nyama ukanasa kwenye chuma, ukaning’inia nje. Kaka akatazama juu, anahesabu mabati.

“Hatafuni,” shangazi akasema. “Huyu ametukataa.”

Hapo yule mjane wangu akainuka alikokaa, hakuomba ruhusa kwa mtu. Akachukua sahani yangu, akachambua nyama ikawa laini kabisa, akaiponda na ugali kwenye mchuzi, akanilisha kwa mkono wake mbele ya ukoo mzima. Mwenye malori nikapanua mdomo kama kinda.

“We mwanamke,” shangazi akasema polepole, “umeshaamua bila sisi?”

“Nimeamua, shangazi. Nilimpenda meno yakiwa nje. Hivyo vyuma nitavizoea.”

Shangazi akaguna, akanitazama tena, akacheka mpaka akashika mbavu.

“Leteni togwa. Hiyo haitafunwi.”

Nikanywa kibuyu kizima, nimekenua, ili hata waliokaa nyuma wapate kuona vizuri.