Gobore la Marehemu Nicholaus

Kigangoni kwetu, upande wa Namswea, watu huwahi ibada kwa sababu mbili: kumcha Mungu na kumsikiliza Mama Beata akisoma matangazo. Sababu ya pili ndiyo inayojaza mabenchi. Jina lake la ubatizo ni Kalista. Ni mjane mwenye kahawa kidogo na shamba la mahindi kwenye mteremko ambao hata mbuzi huupanda akinung'unika. Sauti yake haihitaji spika. Akitangaza kwamba jumuiya fulani haijaleta kuni za padri, wahusika huinamisha vichwa hata kama kuni walishazileta.

Mume wake, Nicholaus, alikuwa na gobore la halali. Kibali cha polisi alikitunza kuliko alivyotunza cheti cha ndoa, jambo ambalo Mama Beata alimkumbusha kila walipokorofishana. Kazi ya gobore ilikuwa nyani. Nyani wa kwetu hawaibi, wanavuna. Huingia shambani mchana kweupe kama wanachama hai wa ushirika, na mwenye shamba akipiga kelele wanamtazama tu, kama vile yeye ndiye aliyepotea njia. Nicholaus akipiga moja hewani, walikuwa wanahama kwa muda.

Kisha Nicholaus akafa, baada ya kusumbuliwa na kifua msimu mzima wa mvua. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa uani kugawa vitu vya marehemu, kama ilivyo desturi. Mdogo wake, Tobias, ndiye aliyerithishwa. Akapewa panga, akapewa koti, akapewa redio isiyokamata stesheni yoyote, na mwisho akapewa gobore. Mama Beata mwenyewe alilitoa ndani akamkabidhi shemeji yake mikononi, wanawake wakapiga vigelegele. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, akala, akapiga makofi. Watu wakarudi makwao wakiamini mambo yamekwisha kisheria. Kwetu, kitu kikishapigiwa vigelegele mbele ya mwenyekiti aliyeshika mfupa, unataka muhuri gani tena?

Sheria ina mawazo yake. Mwenye kibali akifa, silaha irudi polisi, na anayeitaka aombe upya kwa jina lake. Lakini polisi wangejuaje kwamba Nicholaus amekufa? Taarifa ya kifo chake ilipelekwa kwa mtendaji wa kijiji. Bunduki yake ilikuwa kwenye kumbukumbu za polisi, Mbinga mjini. Ofisi hizo mbili hazikuwa na mazoea ya kuulizana habari za wagonjwa. Kwa mtendaji, Nicholaus alikuwa marehemu. Kwa polisi alikuwa mzima, mwenye gobore na afya njema.

Tobias hakuchelewa kuuona utamu wa jambo hili. Gobore la aliyekufa halina wa kuulizwa. Akaanza kuliazimisha, na aliyelihitaji alikuja na kuku. Msimu ule Tobias alinenepa.

Rafiki yake mmoja, Victor, aliliazima akaingia nalo mashambani kuwinda nyani. Mahindi yalikuwa yameshapita kimo cha mtu. Akaona yanatikisika, akafyatua. Sasa, nyani akipigwa huwa hamwiti Bikira Maria. Aliyepigwa alimwita, tena kwa sauti. Alikuwa Zabron, jirani wa Mama Beata, aliyeinama kuchuma majani ya maboga kwenye shamba lake mwenyewe. Walimbeba kwa machela hadi barabarani, akapelekwa hospitali Mbinga. Akarudi na uhai wake, na mguu usiokunjika.

Polisi walipanda kuja kuuliza. Bunduki ya nani? Kijiji kizima kikajibu kama kwaya: ya Nicholaus. Nicholaus yuko wapi? Wakaonyeshwa kaburi. Kuna mpumbavu mmoja aliyewashauri wamwandikie wito. Hakuna aliyemtaja Tobias, kwa sababu Tobias ni wa kwetu, na Victor naye ni wa kwetu. Zabron pia ni wa kwetu, lakini hilo lilisahaulika siku ile. Askari wakaondoka kama walivyokuja, na watu wakacheka hadi jioni.

Mama Beata hakucheka. Alimpelekea mgonjwa unga, akamkuta amekaa mlangoni, mguu umenyooshwa juu ya kigoda kama mali ya mtu mwingine.

"Mama Beata," Zabron akasema, "kumbe mimi nimepigwa na marehemu?"

Alisema kwa utani, maana Zabron ni mtu wa utani. Lakini mke wake aliinuka akaenda kusimama nyuma ya jiko.

Jumamosi Mama Beata alikwenda kwa Katekista Xaveri, kwa kuwa matangazo yote hupita kwake kwanza. Akamweleza anachotaka kusoma kesho yake. Xaveri ni mtu mwenye hofu, na safari hii hofu yake ilikuwa na akili.

"Mama Beata, ujanja huu wanaujua watu wachache. Kesho ukiusema pale mbele, kanisa zima litaujua. Hapo utakuwa umefunga mlango au umewaonyesha watu ulipo?"

"Wanaoutumia wanaujua tayari, Katekista. Ambaye hakuujua ni Zabron."

Xaveri akasema asome, ila asimtaje mtu. Kutoka hapo Mama Beata alikwenda moja kwa moja kwa Tobias, asije akasikia kwa watu. Tobias hakumkaribisha hata kiti. Alimkumbusha tu jambo moja.

"Shemeji, shamba unalolima ni la kaka yangu. Usilisahau ukiwa pale mbele."

"Na gobore ni la kaka yako," Mama Beata akamjibu. "Hilo ndilo nitakalolisema."

Jumapili alianza na ndoa za watu, akaenda kwenye kuni za padri, kisha akafunga daftari.

"Tangazo la mwisho. Mume wangu Nicholaus alikufa, kaburi lake mmelichimba ninyi. Gobore lake nililitoa ndani mimi, kwa mikono hii, nikampa mtu asiye na kibali, na ninyi mkanipigia vigelegele. Gobore hilo ndilo lililompiga Zabron. Sasa jiulizeni, nyumba ngapi humu zina bunduki ya marehemu chini ya kitanda, na polisi wanadhani mwenyewe bado anapumua? Mwisho wa matangazo."

Kwaya ilisahau wimbo wa kutokea.

Hofu ya Xaveri ndiyo iliyotangulia kutimia. Haukupita muda, akapanda mtu kutoka ziwani, upande wa Liuli, amebeba usipa wa kuuza. Kila nyumba ya mjane aliuliza kwa adabu kama mzee hakuacha chuma chochote, eti viboko wanamsumbua kwenye mpunga. Bibi Theresia, aliyefiwa zamani kuliko wote, alimuuliza kwa nini mtu mwenye viboko shambani amepanda milima yote hii kuuza dagaa. Yule bwana akakumbuka ana haraka. Lakini mjane mwingine hakuwa na ulimi huo. Bunduki yake iliteremka kwenda ziwani, na hadi leo hakuna aliyeiona tena.

Xaveri hakusema "nilikwambia". Alikohoa tu kila alipokutana na Mama Beata, na kikohozi kile kilimchoma kuliko maneno. Kwa kitambo Mama Beata alisoma matangazo kwa sauti ya chini hata watu wa nyuma wakawa wanaulizana. Alijua kabisa kwamba ile bunduki iliyopotea imetembea kwa miguu ya maneno yake.

Kwenye mkutano wa kijiji akasimama tena. Alisema kosa lake halikuwa kusema, ila kuishia njiani: alionyesha tundu, akaondoka bila kuliziba. Akaomba jambo moja dogo. Mtu akija kwa mtendaji kuripoti msiba, kabla ya yote aulizwe kama marehemu alikuwa na silaha, na jibu lipelekwe polisi. Basi. Mwenyekiti hakupenda, maana alikumbuka makofi yake na mfupa wake. Akasema suala hilo linahitaji kufanyiwa utafiti. Wakati anaueleza huo utafiti, Bibi Theresia alipita katikati ya watu na kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitenge, akakilaza mezani, mdomo wa bunduki ukimwelekea mwenyekiti. Utafiti ukaishia hapo.

Swali likaanza kuulizwa. Mtendaji wa kata akalichukua, na tunasikia kule Kihagara, kata nyingine, nako mfiwa huulizwa bunduki kabla hajaulizwa jeneza. Waliokuwa na bunduki za marehemu wakaanza kuzipeleka polisi, wengine kwa hiari, wengine kwa kusukumwa na wake zao, ambao sasa walikuwa na tangazo la kunukuu. Victor alikumbuka ghafla kwamba ana shangazi Songea. Tobias alilipeleka gobore mwenyewe, akawekwa ndani, akatoka kwa dhamana, na kesi yake bado inamwita mjini. Shamba hakulinyang'anya. Salamu ndiyo aliyoinyang'anya.

Ukimuuliza Mama Beata kama tangazo lake lilisaidia, hakupi jibu la haraka. Atakuonyesha nyumba ya Zabron, kisha atakuonyesha njia iteremkayo ziwani, halafu ataendelea na palizi.

Mwaka huu mahindi yalipobeba, nyani walirudi na familia zao. Mama Beata hana tena bunduki ya kumwazimisha mtu, halali wala haramu. Ana debe bovu na fimbo. Asubuhi moja alikuwa anapiga debe lake upande wa chini, mara akasikia debe lingine likijibu upande wa juu. Akapanda hadi katikati, akachungulia. Alikuwa Tobias, amevaa koti la kaka yake, anapiga kama mtu mwenye ugomvi na bati. Alimwona shemeji yake na hakumsalimia. Akawageukia nyani.

"Tokeni huko," akawaambia. "Mwenye bunduki amekufa."

Mama Beata akashuka kwenye upande wake, akaendelea kupiga.