Abiria wa Wenceslao

Jumapili ya uchaguzi, mume wangu Wenceslao aliwapeleka watu thelathini na mmoja kupiga kura, bure, kwa pikapu yetu yenye bendera ya chama. Jioni matokeo ya kijiji yakabandikwa mlangoni mwa shule. Mgombea wetu alipata kura tisa, na mbili kati ya hizo ni zetu sisi.

Wenceslao hakugombana na mtu. Asubuhi alikaa mbele ya wali wake na maharage meusi, akihesabu kwa vidole kuwatafuta wale saba wengine waliompigia mgombea wetu, akipotea, akianza upya.

"Mbona wote walinishukuru?" akaniuliza.

Nilimwambia ale.

Mara akaingia jirani yetu Doña Higinia, abiria wake wa kwanza jana. "Mwanangu, nipeleke kliniki."

Mimi ningemfukuza. Wenceslao akachukua ufunguo, nami nikapanda kiti cha nyuma. Tulipofika darajani akauliza taratibu, "Mama, tulikosea wapi?"

Bibi akamgeukia. "Kumbe unajua kuuliza. Jana njia nzima uliongea wewe tu."