Vitundu Vinne vya Jebi

Bisibisi ya mkaguzi ilizama kwenye chuma cha chini ya mlango wa kushoto wa gari kama inavyozama kwenye kiazi kitamu kilichochemka. Mkaguzi hakushangaa. Aliichomoa, akapangusa unga wa kutu kwenye suruali, akajaribu tena hatua moja mbele. Ikazama tena.

"Mzee, hili halipiti," alisema. "Juu zuri kama limetoka kiwandani jana. Chini limeoza."

"Limeoza vipi? Nalipaka mafuta kila vuli."

"Unalipaka nje. Limeozea ndani."

Pyo Jung-geun, mwenye miaka sitini na sita, alipewa siku kumi kulitengeneza na kulirudisha. Ilikuwa Jumatano. Yeye alikuwa anahitaji lipite kabla ya Jumamosi ya wiki iliyofuata, kwa sababu siku hiyo lango la kiwanda cha magari cha Saebyeok, yaani Alfajiri, hapa Masan, kusini mwa Korea, lingefunguliwa kwa mara ya mwisho. Jumatatu yake mashine za kubomoa zingeingia. Chama cha wastaafu kiliomba kibali, kikapewa: waliofanya kazi mle waingie na magari yaliyotengenezwa mle, wazunguke uwanja mara moja, wanywe supu, waondoke. Sharti lilikuwa moja tu, gari liwe limepita ukaguzi. Watu kumi na mmoja walijiandikisha. Mwenye gari aina ya Jebi alikuwa Pyo peke yake.

Saebyeok ilianza mwaka 1971 kwa kuunganisha malori ya Kijapani yaliyofika yamefungwa kwenye makasha ya mbao. Mafundi waliokuwa wamevuka miaka arobaini waliweza kuyasoma maelezo yaliyokuja nayo, maana Kijapani walifundishwa shuleni kwa fimbo, enzi Japani ilipoitawala Korea. Walijifanya hawaijui, wakafuata picha. Mwaka 1984 kiwanda kikatoa gari lake chenyewe, dogo, la milango minne, likaitwa Jebi, jina la mbayuwayu. Madereva wa teksi walilipenda kwa injini iliyowaka asubuhi ya Januari bila kubembelezwa. Walilichukia kwa vishikio vya madirisha vilivyokatikia mkononi, na kwa kutu. "Jebi ni ndege kweli," walikuwa wakisema. "Kila majira ya kuchipua hurudi. Hurudi gereji."

Pyo aliingia kazini mwaka huohuo wa 1984 na kazi yake ilikuwa moja: mlango wa mbele wa kushoto. Aliuning'iniza, akakaza bawaba, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mwanya toka juu hadi chini, kisha akaufunga na kusikiliza. Mlango uliokaa sawa una sauti fupi, nzito, isiyo na mkia. Ukiwa na mkia, aliufungua na kuanza upya. Alifanya hivyo kwa miaka thelathini na miwili, na hakuacha alipostaafu. Mkewe, Cheon Bun-rye, anasema friji ikifunguliwa na mumewe ni kama mgonjwa aliyepelekwa kupimwa hospitali. "Anaifunga, anasubiri, anaifungua tena. Kabichi ya kimchi inapata joto yeye anapima."

Jebi lake alilinunua Machi 1997. Pale kiwandani palikuwa na desturi ambayo wasimamizi waliijua na kujifanya hawaioni. Mfanyakazi akinunua gari, namba ya bodi yake ilivuja mapema, na bodi hiyo ilipoingia kwenye mstari wa kuunganisha ilifungwa kitambaa chekundu. Kila aliyeigusa aliongeza kidogo. Wa nati alikaza robo mzunguko zaidi ya ilivyoandikwa. Wa rangi alipitisha koti moja la ziada. Wa viti alipekua rundo zima akatafuta kitambaa kisicho na dosari. Ilikuwa zawadi, na hakuna aliyeitaja kwa jina hilo.

Kwa upande wa gundi alikuwepo Maeng Sang-do. Kazi yake ilikuwa kuziba maungio ya bati kwa gundi nzito kabla bodi haijaenda kupakwa rangi. Alikuwa amemzidi Pyo miaka mitatu, na Pyo alimwita Kaka. Walikula meza moja kwa miaka kumi na mitatu. Siku gari lilipotoka, ni Maeng aliyeleta kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, akakiweka mbele ya bonneti, akamwaga pombe ya mchele kwenye matairi yote manne. Alifunga samaki mkavu kwa uzi mweupe na kumlaza ndani ya buti, ili ajali zipite mbali. Samaki huyo yuko hadi leo. Amekuwa mgumu kama ubao.

Mwaka uliofuata kampuni ilianguka. Orodha ya wanaoachishwa ilibandikwa kwenye mlango wa kantini Agosti 1998. Jina la Maeng lilikuwepo. La Pyo halikuwepo.

Wiki hizohizo za mvua, Jebi lilianza kutoa sauti. Pyo akikanyaga breki, maji yaliteleza mahali fulani chini ya miguu yake: chwaa, kwenda mbele, chwaa, kurudi nyuma. Mtu mwenye masikio yale hangeweza kuivumilia. Siku moja kantini, Maeng akiwa bado anamalizia siku zake za mwisho, mtu alimuuliza Pyo gari linaendeleaje. Pyo akajibu kwa sauti iliyofika meza ya tatu.

"Linaingiza maji kama kikapu. Aliyeliziba aliliziba amefumba macho. Labda wakubwa wanajua wanamwachisha nani."

Maeng alikuwa meza ya pili. Aliweka kijiko chini, akanyanyua sinia lake, akaenda kulirudisha. Hawakuzungumza tena.

Maeng alifungua gereji ya kunyoosha bodi karibu na bandari, mwendo wa dakika kumi na mbili kutoka nyumba ya Pyo. Pyo alizunguka barabara ya juu kwa miaka ishirini na mitano ili asipite hapo. Kuhusu maji, alijitibia mwenyewe. Kila vuli alinunua gundi na kuongeza kwenye maungio yote aliyoweza kuyafikia kwa juu. Mwaka 2003 ile sauti ilikoma. Alijisifu mwezi mzima.

Baada ya mkaguzi, alipiga simu gereji sita. Nne zilisema hazichomelei gari la umri huo. Moja ilimshauri aliuze kwa chuma chakavu. Ya sita ilimwambia kwamba vipande vya chini vya Jebi anavyo mtu mmoja tu mjini, Maeng wa bandarini, aliyenunua ghala la vipuri kampuni ilipobadilisha mmiliki kwa mara ya tatu na nembo ya Saebyeok ikang'olewa.

"Nenda," Bun-rye alisema. Alikuwa anachambua dagaa mezani.

"Nitakwenda kwa miguu langoni. Wengine watakwenda na magari."

"Baba Mi-ran, umelibembeleza hilo gari kuliko ulivyonibembeleza mimi, halafu uingie kwa miguu? Nenda kwa mtu wako."

"Si mtu wangu."

"Basi nenda kwa adui yako. Adui naye ana mashine ya kuchomelea."

Ijumaa asubuhi alikwenda. Maeng alikuwa amekaa kwenye tairi anakunywa kahawa ya kikombe cha karatasi. Alilitazama gari kabla ya kumtazama mwenyewe.

"Jebi," alisema. "La tisini na saba."

"Ndiyo."

"Mwenyewe nani?"

"Unamjua mwenyewe."

"Namjua. Nilitaka nisikie kama ana ulimi. Zamani alikuwa nao."

Pyo alieleza habari ya ukaguzi, Jumamosi na lango. Hakumwita Kaka wala jina. Alizungumza kana kwamba anatoa maelezo kwenye kaunta ya benki. Maeng alisikiliza hadi mwisho.

"Mimi barua ya lango sikuletewa," alisema. "Ni ya wastaafu. Sisi wengine hatukustaafu, tulibandikwa mlangoni."

Maeng aliweka kikombe chini, akainuka kutoka kwenye tairi.

"Sogeza gari hapa. Bado linaingiza maji?"

"Liliacha. Nililiziba."

"Uliziba wapi?"

"Juu. Kote."

Maeng alilala chali kwenye ubao wa magurudumu, akaingia chini ya gari akiwa na tochi. Alikaa huko muda mrefu. Pyo aliona miguu yake tu, soksi moja ya kijivu na nyingine nyeusi. Kisha miguu ikaacha kutikisika.

"Jung-geun." Sauti ilitoka chini. "Njoo."

"Nitachafuka."

"Njoo, mpumbavu wewe. Njoo utazame."

Pyo alitandika gazeti akajilaza. Tochi ya Maeng ilikuwa inamulika upande wa chini wa boriti ya bati inayopita chini ya milango, sehemu ambayo kutu haikuwa imeila bado. Kila gari huwa na vitundu pale, viwili kila upande. Maji ya mvua hupita kwenye kioo cha dirisha, hushuka ndani ya mlango, hufika kwenye boriti na kutokea hapo. Kwenye Jebi hili hapakuwa na vitundu. Palikuwa na bati tambarare, lililopakwa rangi vizuri.

Maeng alikwangua kwa ncha ya kisu. Rangi ilitoka, na chini yake ikaonekana gundi, duara moja lililosawazishwa kwa kidole.

"Hiki ni kidole changu," alisema. "Nilikuwa na dole gumba lenye kovu. Ona mstari huo."

"Sielewi."

"Kitambaa chekundu kilikuja. Nikasema hili ni la Jung-geun, tone la maji lisiingie. Nikaziba kila nilichokiona. Maungio nikayapitia mara mbili, na vitundu nikaviziba. Vyote vinne." Alikohoa vumbi la kutu. "Miaka kumi na mitano kwenye gundi, sikuwahi kuziba tundu la maji kwenye gari la mtu baki. Nikaziba la kwako."

Walilala pale, wazee wawili chini ya gari, wakitazama duara la gundi.

"Na ile sauti ilivyokoma mwaka 2003," Pyo alisema polepole.

"Kutu ilitoboa. Maji yakajipatia mlango."

"Na mimi nilikuwa naongeza gundi juu."

"Kila mwaka?"

"Kila vuli."

"Basi tumeliua wawili," Maeng alisema. "Mimi nilianza, wewe ukaendeleza. Kiwanda hakihusiki."

Pyo alianza kuinuka, akagonga kichwa kwenye bomba la moshi, akalala tena. Alisema akiwa anatazama bomba.

"Yale niliyosema kantini."

"Niliyasikia."

"Najua uliyasikia. Nilisema ili usikie. Jina langu halikuwemo kwenye orodha, na nilikuwa sijui nikutazameje usoni. Ilikuwa rahisi zaidi ukiwa na kosa."

Maeng alizima tochi. "Nipe mkono unitoe huku," alisema. "Kiuno kimekufa."

Kazi ilichukua siku nne. Maeng alikata boriti zote mbili, akachomelea mpya kutoka ghalani, zikiwa bado na karatasi ya nta yenye nembo ya alfajiri. Pyo alikwenda kila siku. Hakuweza kuchomelea, alishika taa, alipeleka supu ya Bun-rye, na alifungua na kufunga mlango wake wa kushoto baada ya kila nukta iliyochomelewa, kuhakikisha mwanya haujahama. Siku ya tatu Maeng alimfokea.

"Acha kufunga huo mlango! Unanitoa roho."

"Una mkia kidogo, Kaka."

Maeng alinyanyua kinyago cha kuchomelea, akamtazama, akakishusha tena. Maeng aliposhika gundi, Pyo alisimama nyuma yake akiwa na vijiti vinne vya kusafishia meno, na kila kitundu kilipofikiwa alichomeka kimoja ili kisizibike.

Alhamisi gari lilirudi kituoni. Mkaguzi yuleyule alichomeka bisibisi mara tano pande zote mbili, na mara zote tano ilikataa. Aligonga muhuri.

Ijumaa usiku ilinyesha. Jumamosi saa nne asubuhi Jebi lilifika langoni Pyo akiwa kwenye usukani na Maeng kando yake, amevaa koti la harusi. Mlinzi alikuwa na orodha kwenye ubao.

"Huyu jina lake silioni."

"Ni sehemu ya gari," Pyo alisema. "Tazama chini ya milango, utamwona."

Mlinzi hakuelewa, lakini foleni ilikuwa inajengeka nyuma. Aliwapungia mkono waingie.

Magari yalizunguka uwanja mara moja, taratibu, yakaegeshwa chini ya kibanda kilicho mbele ya jengo la mstari wa kuunganisha ambalo paa lake lilikuwa limeshatolewa. Watu walishuka, wakapeana mikono, wakatafuta supu. Mzee mmoja aliyekuwa wa viti alilisogelea Jebi, akainama. Chini ya milango, kwenye saruji kavu ya kibanda, kulikuwa na madoa manne ya maji, mawili kila upande, na matone yalikuwa yanaendelea kudondoka.

"He! Jung-geun! Jebi lako bado linakojoa!" alipaza sauti. "Miaka yote hii na hamjaliziba?"

Maeng alikuwa ameshafungua mdomo ajibu, lakini Pyo alimtangulia, kwa sauti ileile ya kantini, iliyofika meza ya tatu.

"Liache likojoe. Limetengenezwa na Kaka Sang-do."

Kisha akafunga mlango wa kushoto, akasubiri kidogo, akaenda kuchukua supu mbili.