Pale pa Chakula

Mpaka leo, nikisikia harufu ya kuni za mkaratusi zikichomwa chini ya sufuria ya maharagwe, natafuta mlango. Siutafuti ili nitoke. Natazama kama kuna mtu amesimama pale, sahani mkononi, akingoja sisi wengine tumalize kusali. Mume wangu amezoea. Huniuliza, "Umemuona tena?" nami humjibu kwamba nimemuona, kisha tunakula.

Jiko letu la Bulengera, mtaa mmoja wa mji wa Butembo, lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, na paa lake la mabati lilikuwa jeusi kwa moshi kiasi kwamba mvua ikivuja ilitudondokea kama chai. Butembo ni mji wa baridi, na jioni ukungu ulishuka mapema. Basi maisha yetu yote yalikuwa jikoni, kuzunguka mafiga. Huko tulikula na kusali, na huko Mama alitusuka nywele huku akituambia habari za watu wote wa mtaani, hata zile ambazo baadaye alituonya tusizirudie.

Miaka ile ilikuwa ya vita. Waasi walikuwa wameshika mji, wakigawanyika na kupatana na kugawanyika tena, hata sisi watoto tukaacha kuuliza nani anamtawala nani. Baba alikuwa mchuuzi. Alipeleka vitunguu vya liki na viazi Beni, akarudi na mafuta ya mawese. Baiskeli yake ilikuwa imechukuliwa na askari katika kizuizi cha njiani, na tangu siku hiyo alitembea kwa miguu, akiwa na uchungu nayo kama mtu aliyefiwa.

Ndipo akaja Mama Kambale. Alifika asubuhi moja kutoka Kalunguta, amefunga mzigo mgongoni kwa ule mkanda wa kipajini wanaobebea akina mama wa kwetu, na juu ya mzigo kulikuwa na mtoto wa kiume amelala. Mama hakumjua. Alimkuta kwenye bomba la maji akiomba kunywa, akarudi naye nyumbani pamoja na ndoo. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo, ingawa bibi yangu aliongeza kwamba mwenyeji apone pia gharama ya unga. Tulimpa kile chumba kidogo tulichowekea viazi.

Hapa lazima niwaeleze jambo, ingawa husemwa asiyejua maana haambiwi maana. Kwetu Wanande mtoto huja duniani na jina lake tayari, kwa kufuata zamu ya kuzaliwa. Mimi ni Masika kwa sababu ni msichana wa kwanza wa mama yangu. Mvulana wa kwanza huwa Paluku, na anayemfuata huwa Kambale. Na mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo mwanamke anapokuambia kwamba yeye ni Mama Kambale, na hana mwingine mgongoni ila huyo Kambale, mtu mzima yeyote wa Butembo anatazama chini wala haulizi tena. Mama alitazama chini. Mimi nilikuwa mtoto, nikatazama nyuma ya mgeni kuona kama Paluku anakuja.

Tatizo lilianza jioni ileile. Sisi tulikuwa Waprotestanti wa kusali kwelikweli, na Baba akishika sala ya chakula aliombea wagonjwa, wafungwa, wachungaji na nchi za mbali ambazo nadhani zilikuwa zimeshakula na kulala. Mara tu alipofumba macho, Mama Kambale aliinuka taratibu, akachukua sahani yake, akatoka nje. Nilimchungulia kwa jicho moja. Alisimama kwenye ukungu, ameegemea ukuta. Alirudi kuosha sahani tulipokuwa tumemaliza. Kesho yake akafanya vilevile, na siku zilizofuata pia.

Bibi alisema ni kiburi. Baba alisema labda ni Mkatoliki, ingawa majirani zetu Wakatoliki walisali nasi bila taabu yoyote. Mama alisema neno moja tu, tena kwa Baba, nami nikalisikia: "Baba Masika, ufupishe kidogo. Chakula ya mugeni iko napoa." Baba akafupisha. Zile nchi za mbali zikaachwa zijitegemee.

Basi wakati huohuo mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili alikuwa akitufundisha kushuhudia. Alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na tai moja, na alitupa maswali ya kumuuliza mtu ambaye hajaokoka, yaliyopangwa kama ngazi, la kwanza likiwa: ukifa leo utaenda wapi? Kila mtoto alitakiwa kuleta nafsi moja Jumapili ya wageni. Nilifanya mazoezi mbele ya mbuzi wa jirani, aliyenisikiliza vizuri mpaka akaanza kutafuna ncha ya gauni langu. Nafsi yangu nilikuwa nayo tayari, tena nyumbani, haina pa kukimbilia.

Nilimkuta Mama Kambale amekaa kwenye kigoda akichagua maharagwe kwenye ungo. Nikapiga moyo konde.

"Mama Kambale, ukikufa leo utaenda wapi?"

Hakuacha kuchagua. "Nikikufa leo, mutoto yangu, nitapumzika."

Mwalimu hakuwa ametupa jibu la hilo. Mama akaniita nyuma ya nyumba kwa sauti ile ambayo mtoto haiulizi mara mbili. Nilijua nitachapwa. Badala yake alichuchumaa, akanishika mabega.

"Masika, ule mama hapana kumuuliza mambo ya kufa. Yee anaijua kukupita weye na ule mwalimu wako. Unataka kumuambia habari ya Mungu? Enda umusaidie kuchagua maharagi."

Nilidhani Mama hajaelewa wokovu. Hata hivyo nilikwenda, kwa kuwa maharagwe ni afadhali kuliko fimbo. Na nikawa nakwenda kila siku baada ya shule. Hatukuzungumza sana. Alinifundisha kutambua kwa kidole, bila kutazama, punje iliyotobolewa na mdudu. Kambale mdogo alilala mapajani mwangu. Nami kichwani nilikuwa na shughuli moja: kumtafutia Paluku mahali. Nyumbani tulikatazwa kuuliza, basi nikaamua mwenyewe. Vijana wengi wa kwetu walikuwa wamekwenda Manguredjipa kuchimba dhahabu, kwa hiyo na yeye yuko Manguredjipa. Nilimpa sepetu, nikampa kofia. Kila nikichagua maharagwe aliongezewa kitu.

Jioni moja Baba alikuwa safarini Beni na mvua ilipiga mabati hata tukawa tunapiga kelele ili kusikilizana. Mama alipakua, kisha akasema, "Masika, utuombee." Sikuwa nimewahi kupewa sala ya chakula. Nilifumba macho kwa nguvu. Nilisikia Mama Kambale akiinuka, nikasikia hatua zake zikifika mlangoni na kukoma hapo, maana nje hapakuwa na pa kusimama.

"Bwana Yesu," nilisema, "aksanti kwa hii chakula. Ubarikie Mama mwenye aliipika. Ubarikie Baba kule Beni. Na Paluku wa Mama Kambale, kule Manguredjipa iko anachimba zahabu, umupe chakula, asilale na njaa. Mvua isimunyeshee. Akuye na feza ya kununulia Baba kinga ingine. Amina."

Kinga ndiyo baiskeli kwetu, na niliona ni ombi la busara, kwa kuwa mwenye dhahabu hashindwi na baiskeli.

Hakuna aliyeitikia amina. Nilipofumbua macho, Bibi alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Mama alinitazama kwa namna ambayo sikuijua. Na Mama Kambale alikuwa ameketi chini palepale kizingitini, mvua ikimrukia mgongoni, sahani mapajani.

"Nani alikuambia ku Manguredjipa?" aliuliza.

"Hakuna mutu. Ni miye mwenyewe nilizani."

Aliizungusha sahani mapajani. Kisha akasema, si kwetu, kwa sahani: "Alikuwa hayakula. Maharagi ilikuwa ku moto, nikamuambia ngoja kidogo, iko karibu kuivya. Benye bunduki bakaingia, bakamubebesha muzigo, bakaenda naye ku pori. Hayakula."

Ndipo akalia, na nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima akilia hivyo, kwa mwili wote. Niliogopa sana. Nilitaka kukimbia lakini mlango ulikuwa na yeye. Mama alitoka kwenye mafiga, akaenda kuketi kwenye kile kizingiti kando yake, mvua ikawarukia wote wawili, na hakusema neno lolote la Biblia ingawa alizijua zaburi kwa moyo. Chakula kikapoa, na safari hii hakuna aliyejali.

Baadaye Mama Kambale alijifuta uso kwa kitenge. "Masika. Ombea tena. Pale pa chakula."

Nikaomba tena kwamba Paluku apewe chakula, asilale na njaa, mvua isimnyeshee. Nikaishia hapo. Nilikuwa nimeona haya.

"Na kinga," alisema. "Usiache kinga."

Tangu jioni ile hakutoka nje tena. Mama aliweka kanuni bila kuitangaza: yeyote ashikaye sala, Paluku awemo. Baba aliporudi alielezwa faraghani, naye akamwombea kijana huyo kila jioni, akinong'ona pale pa baiskeli kwa aibu. Jumapili ya wageni ilipofika, mwalimu aliniuliza nafsi yangu iko wapi. Nikamwambia iko nyumbani, inapika. Watoto walicheka.

Mama Kambale alikuja kanisani mwenyewe, muda mrefu baadaye, Jumapili ya kawaida isiyo na wageni wala zawadi. Alikaa karibu na Mama na kumpakata Kambale. Hakuna aliyemuuliza swali lolote kwenye ile ngazi. Mwalimu, aliyekwisha kusikia habari ya Paluku, alimvuta Mama kando akamkumbusha kwa upole kwamba sisi hatuombei wafu. Mama akamuuliza, "Kaburi yake uliiona wapi, Mwalimu?" Mwalimu akanyoosha tai yake, akaenda kuanzisha wimbo.

Kulipotulia kidogo, Mama Kambale alirudi Kalunguta kulima. Paluku hakurudi. Nawaambia wazi ili msije mkamngojea kama nilivyomngojea mimi.

Mama yangu alipofariki, nilikuwa tayari na watoto wangu. Nilikwenda Kalunguta kumpelekea habari, kwa kuwa ujumbe wa namna hiyo hautumwi. Niliuliza njiani nyumba ya Mama Kambale. Hakuna aliyemjua. Niliuliza dukani, nikauliza shambani, wakatikisa vichwa, nikahofia kwamba naye ametutoka. Msichana mmoja aliyebeba kuni akanihurumia. "Mama Kambale hayiko hapa," alisema. "Kuko Mama Paluku tu, ule wa kuchagua maharagi na bamama benye kufiwa."

Nilisimama njiani na machozi yakanitoka kabla sijaufikia mlango wake. Utotoni niliamini kwamba siku ile nilikosea sala, na kwamba Mama aliniokoa. Ukubwani ndipo nilipoelewa kazi aliyokuwa akiifanya Mama tangu kwenye bomba la maji, na kwa nini aliniweka mbele ya ungo wa maharagwe badala ya kunifundisha la kusema. Yule mwanamke hakuweza kumshukuru Mungu kwa sahani yake huku mwanawe akiwa ameondoka bila kula, na hakuna mtu aliyekuwa amemruhusu kusema hivyo mbele za Mungu. Kwetu aliruhusiwa. Hiyo ndiyo injili aliyoipata, na sasa alikuwa akiigawa kwa wengine kwa njia ileile.

Tulilia pamoja kwa ajili ya Mama, kisha akapika. Kambale, sasa mwanaume mwenye ndevu, akaketi nasi. Mama Paluku alifumba macho na kusali kwa ufupi, chakula kisipoe. Alishukuru kwa maisha ya mama yangu. Aliomba Paluku apewe chakula, mahali popote alipo, mvua isimnyeshee.

"Na kinga ya Baba Masika," alimalizia. "Amina."

Baba alikuwa amenunua pikipiki siku nyingi. Sikumwambia. Nikaitikia amina, tukala.