Mizunguko Miwili kwa Mkono

Watu walimwita Mizunguko, naye hakuchukia, maana jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila akifunga mkanda wa taimingi, ule mkanda wa meno unaozifanya valvu na pistoni zipishane bila kugongana, hakubali injini iwashwe kwa ufunguo kwanza. Anapachika spana kwenye boliti ya kranki, mhimili mkuu wa injini, na kuizungusha injini kwa mkono, taratibu, mizunguko miwili kamili. Mkono ukikutana na kitu kigumu, anasimama. Ufunguo hauna huruma, husema. Ukishawasha ndipo unapoambiwa valvu zimepinda.

Wateja wenye haraka walimwona mchawi wa kuchelewesha watu. Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyetengeneza breki na klachi katika gereji hiyo hiyo, aliwaambia wavumilie tu, kwani huyu bwana hata chai hanywi mpaka aikoroge mara mbili na kusikiliza. Miaka ishirini na miwili wamekuwa chini ya bati lile, wakitaniana asubuhi hadi jioni. Siku shemeji akinyamaza, ujue ana homa.

Jambo ambalo hakulijua mtu pale gereji ni kwamba macho ya Mizunguko yalikuwa yanamgomea. Vya mbali aliviona vizuri. Vya karibu vilikuwa ukungu mtupu, na kazi ya taimingi yote iko karibu. Basi akawa na ujanja wake. Nambari ya spea alimwomba mteja amsomee, eti mikono yake ina grisi. Nyumbani mkewe alimgundua siku alipomwomba asome ujumbe wa binti yao, eti simu ina mwanga mbaya. Akamwambia aende akapime macho. Akajibu atakwenda, na huko kwenda kwake kulikuwa na mwaka na nusu sasa.

Tusimcheke sana. Bwana aliyemfundisha kazi naye aliharibikiwa na macho, na wateja walipojua, walihama mmoja mmoja kimyakimya, mpaka yule fundi mkubwa akaishia kufungua na kufunga geti la ghala la watu. Mizunguko alikuwa akimpitia pale getini na kumwamkia.

Asubuhi moja akaja mkunga wa zahanati ya jirani na kigari chake chekundu. Mkanda ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha mguu mkavu, ungeweza kukatika wakati wowote. Zamu yake ilianza saa nane mchana, na gari lile ndilo alilokimbilia nalo kwa wazazi wenye uchungu. Mizunguko akautoa mkanda wa zamani, akapanga puli, lile gurudumu la mkanda, kwa kufuata kidoa cheupe cha alama, akavisha mpya, akakaza. Mkunga alikuwa kwenye kiti cha plastiki, akimsikiliza shemeji anavyomsema mtu.

Akachukua spana, akaanza kuzungusha. Hata nusu ya mzunguko haikufika, spana ikagota. Haikugota kwa kishindo. Ilikuwa kama mlango uliokutana na mguu wa mtu upande wa pili.

Akarudisha nyuma kidogo, akamulika. Kidoa cheupe kilikuwa palepale alipokiweka. Akakipapasa kwa kidole. Ilikuwa rangi tupu, iliyopakwa na fundi fulani zamani kwa sababu zake. Alama ya kiwandani ni kichale kilichochongwa kwenye chuma, na yeye miaka yote alikuwa akiwakaripia wenzake wanaoamini rangi ya mtu mwingine. Leo kichale hakukiona, kaona rangi, kaishika.

Angeweza kubahatisha, asogeze meno mawili au matatu, aombe Mungu. Akipatia, hakuna atakayejua. Akikosea, mkunga atazimikiwa njiani, na huko anakokwenda kuna mwanamke anamsubiri. Alisimama pale na jasho likimtoka, akaliona lile geti la ghala kabisa.

"Shemeji," akasema, "njoo unisomee alama. Mimi siioni."

Shemeji akaja akijifuta mikono, akachukua tochi, akainama. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitaji alama.

"Hata mimi siioni, shemeji," akasema kwa sauti ya chini. "Mwaka wa pili huu. Breki nafunga kwa kupapasa."

Walitazamana, wazee wawili wenye grisi hadi viwikoni, wakashikwa na kicheko cha watu waliokamatwa. Kicheko kilipoisha, aibu ikabaki. Mizunguko akamgeukia mkunga, akamwambia gari alipeleke kwa fundi mwingine, yeye atamtafutia mtu wa kuaminika na kulivuta mwenyewe mpaka huko.

Mkunga aliinuka, akachukua tochi, akainama juu ya injini. Akawaambia anaona kichale kwenye puli na kingine nyuma yake, na havitazamani. Cha puli kiko juu, kwa meno matatu. Mizunguko akalegeza, akasogeza, mkunga akasoma tena. Kisha spana ikazunguka mara mbili bila kugusa kitu, na vichale vikarudi mahali pake. Ufunguo ulipowashwa, injini ikaitika mara moja.

Mkunga akanawa mikono kwa sabuni ya unga, bila haraka.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Hilo nawaambia wanawake kila siku. Sikujua hata gerejini kuna wa kuambiwa. Kesho sina zamu. Saa tatu nawapitia wote wawili, twende mkapimwe macho."

Mizunguko akauliza, kama mtu anayeogopa jibu, atawapitia na gari lipi.

"Kwani nina gari jingine?"

Akaingia, akaondoka nalo. Mizunguko aligeukia ukutani, akayafuta machozi kwa kitambaa cha grisi, macho yakazidi kuwasha.