Saa ya Kuwasha Taa za Vifaranga

Baridi ya Mbalizi mwezi wa saba haina mzaha. Mjukuu wangu wa kike anayesoma chuo kule Iringa alifunga taa za joto kwenye banda langu la kuku, akaziunganisha na kompyuta yake kuukuu aliyoiacha humo bandani ili ziwake zenyewe. Ilikuwa kazi yake ya kumalizia chuo. Walimu walikuwa waje kuwaona vifaranga wakiwa hai. Wakifa, kazi yake imekufa.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini alinieleza nikaelewa. Programu kaiandika kwa lugha wanayoiita C. Ukiifungua, inasoma faili la maandishi matupu, mstari kwa mstari. Kushoto kwa alama ya sawasawa ni jina, kulia ni namba, na namba itakayoikuta ndiyo itakayoifuata. Ukitaka mabadiliko hugusi programu. Unaandika kwenye faili, unaifunga programu, unaifungua upya.

Asubuhi moja nilimpigia, nikamwambia baridi imezidi, taa zinachelewa.

“Basi Bibi, kwenye faili, palipoandikwa kuwasha, weka saa moja jioni.”

Nikakuta pameandikwa kuwasha=20. Nikasema moyoni, huyu mtoto kachoka, saa ishirini ipo wapi duniani? Nikafuta, nikaandika 1. Nikafunga, nikafungua.

Jioni giza likaingia, saa moja ikapita, taa kimya. Niliingia bandani na tochi. Vifaranga walikuwa wamerundikana kona moja, wanapandana, wa chini hawaonekani. Walilia ile sauti ya juu, isiyokatika, ya vifaranga wanaoumwa na baridi. Nikawatawanya kwa mikono, wakarudi pale pale. Chini kabisa nikamkuta mmoja kalala bapa, shingo imelegea.

Niliogopa. Sijaogopa hivyo tangu nilipomuuguza mume wangu.

Nikapiga simu, haipokelewi. Mkaa ulikuwa umelowa. Nikawafunika vifaranga kwa khanga, kisha nikaona watakosa hewa, nikazitoa. Nikapiga tena, ndipo akapokea.

“Nisomee kilichoandikwa.”

“Kuwasha, moja.”

“Bibi, mashine inaanza kuhesabu saa sita usiku. Moja yake ni saa saba usiku. Saa moja jioni kwake ni kumi na tisa.”

“Na mbona haikukataa?”

“Moja nayo ni saa halali. Inatii tu.”

“Mke mwenzangu, umeifundisha mashine saa za Wazungu, mimi hukuniambia?”

“Utanisema baadaye. Andika 19, hifadhi, funga programu, ufungue. Bila hivyo haitasoma upya.”

Kuandika niliandika. Kufunga ndiko mkono ulikokataa. Je, isipofunguka tena? Huku bandani nasikia sauti zinapungua, na kupungua kwenyewe sikujui kama ni kutulia au ni kufa.

Nikafunga. Nikafungua. Kioo cha kompyuta kikakaa cheusi. Simu iko sikioni, yeye hapumui, mimi sipumui.

Taa zikawaka zote.

Sikushangilia. Nilipiga magoti kwenye maranda, nikaanza kutenganisha wazima na waliokufa. Akauliza kwa sauti ndogo, “Wamebaki wangapi, Bibi?”

“Subiri,” nikamwambia. “Huyu bado anapumua.”